Usalama wa mgonjwa wodini: mwongozo kamili wa muuguzi wa kuzuia makosa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara wakati anahudumiwa, na kwamba huduma isiyo salama huchangia vifo zaidi ya milioni 3 kila mwaka duniani. Zaidi ya nusu ya madhara hayo yanazuilika, na nusu ya hayo yanayozuilika inatokana na dawa. Muuguzi anahusika hapa kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu dawa nyingi hospitalini hupita mkononi mwake mwisho kabisa. Daktari akiandika dozi vibaya, mfamasia anaweza kuliona. Mfamasia akitoa chupa isiyo yake, muuguzi anaweza kuliona. Muuguzi akikosea, anayefuata ni mwili wa mgonjwa.

Watu wengi wanadhani makosa hufanywa na wazembe, lakini ukweli haupo hivyo. Mara nyingi anayekosea ni muuguzi mzuri, mwenye uzoefu, aliyekuwa na wagonjwa wengi kupita kiasi, simu ikalia, akadhani jambo ambalo siku nyingine zote lilikuwa hivyo hivyo. James Reason, mwanasaikolojia wa Uingereza, alieleza kwamba hospitali ina kinga nyingi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, na kila kinga ina matundu yake. Mgonjwa hudhurika siku ambayo matundu yote yamelingana. Mwongozo huu unahusu namna ya kuziba tundu lililo kwenye kinga yako, yaani kufanya kazi kwa utaratibu ambao hautegemei kumbukumbu wala kudhani, hasa saa ile ambayo huna nafasi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mgonjwa mwenyewe

Tumia vitambulisho viwili kila mara: jina kamili pamoja na tarehe ya kuzaliwa, au jina kamili pamoja na namba ya faili. Namba ya kitanda si kitambulisho. Wagonjwa huhamishwa usiku, huenda kukaa kitanda cha jirani kwa ajili ya mazungumzo, na wengine hulala pale walipokuta nafasi.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukisema, "Wewe ndiye mama Mariamu?" mgonjwa asiyesikia vizuri, mwenye homa kali au aliyeamshwa usingizini atakujibu "ndiyo" bila kujua umeuliza nini. Sema: "Mama, naomba uniambie majina yako yote." Akishajibu, linganisha na mkanda wa mkononi na chati uliyoshika. Fanya hivyo hata kama umemhudumia wiki nzima, na mweleze sababu ili asione umemsahau. Wagonjwa wengi wakielezwa hufurahi kuona mtu anajali.

Asiyeweza kusema mtambue kwa mkanda wake, na ndugu akiwepo athibitishe. Mtoto mchanga avalishwe mikanda miwili chumbani kwa kujifungulia kabla hajatenganishwa na mama yake, na maandishi yafanane na ya mkanda wa mama. Mkiwa na wagonjwa wawili wenye majina yanayofanana wodini, wekeni alama ya tahadhari kwenye mafaili yote mawili, na ikiwezekana msiwalaze jirani.

Sampuli za maabara zina hatari yake. Chupa ya damu iandikwe jina pale pale kando ya kitanda, mara tu baada ya kutoa damu na kabla hujaondoka. Usiandike majina kwenye chupa tupu mapema, na usitoke na chupa zisizo na majina ukidhani utaziandika mezani. Damu ya mtu mmoja ikiingia kwenye chupa yenye jina la mwingine, hakuna mashine ya maabara itakayolijua kosa hilo, na mgonjwa anaweza kuongezewa damu ya kundi lisilo lake.

Hatua ya 2: Dawa, kuanzia maandishi hadi mshipa

Sote tulifundishwa mambo matano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Siku hizi huongezwa sababu sahihi, kumbukumbu sahihi na ufuatiliaji wa matokeo. Ni mafundisho mazuri, lakini yanakutajia unakotakiwa kufika bila kukuonyesha njia. Unaweza kuyakariri yote matano huku mkono umeshika chupa isiyo yake. Kinachomlinda mgonjwa ni mwenendo ufuatao.

Soma agizo lote. Maandishi yasiyosomeka hayakisiwi; mtafute aliyeandika. Kuna maandishi ya kuyatilia shaka hata yanaposomeka. Sifuri baada ya nukta ni hatari, kwani "5.0 mg" husomeka 50 nukta isipoonekana vizuri. Kukosekana kwa sifuri kabla ya nukta ni hatari vilevile, kwani ".5 mg" husomeka 5. Herufi U kwa maana ya uniti husomeka kama sifuri, na insulini "8U" ikawa 80. Andika neno zima, "uniti". Andika "mikrogramu" kwa urefu pia, kwa sababu kifupi chake kikichukuliwa kuwa miligramu, dozi inazidi mara 1,000.

Maagizo ya mdomo yabaki kwa ajili ya dharura. Ukipewa, andika, kisha msomee daktari ulichoandika naye akubali: "Nimeandika adrenalini nusu miligramu, kwenye msuli. Ni sahihi?" Kusema "sawa daktari" hakuthibitishi kwamba mmeelewana.

Uliza kuhusu mzio. Angalia faili, halafu muulize mgonjwa mwenyewe: "Kuna dawa yoyote imewahi kukudhuru?" Akisema ipo, muulize ilimfanya nini. Kuharisha kidogo baada ya antibiotiki si sawa na kuvimba midomo na kushindwa kupumua, na daktari anahitaji kuijua tofauti hiyo.

Soma lebo mara tatu: unapoichukua dawa kabatini, unapoivuta au kuitoa, na unapoirudisha au kutupa chupa. Soma jina, kiwango na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usiitambue dawa kwa rangi ya kifuniko au mahali inapokaa, kwa sababu viwanda hubadilisha vifungashio na wenzako hurudisha chupa mahali pasipo pake. Dawa zenye majina ya karibu, kama dopamini na dobutamini, au efedrini na epinefrini, zisikae rafu moja.

Kokotoa kwa karatasi. Hata hesabu ndogo. Tuseme mtoto ana kilo 12 na ameandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo: 12 × 15 = miligramu 180. Sharubati ina miligramu 120 kwenye mililita 5, yaani miligramu 24 kwa kila mililita. 180 ÷ 24 = mililita 7.5. Kwa dripu, zidisha mililita kwa idadi ya matone ya seti, kisha gawanya kwa dakika. Lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: 1,000 × 20 ÷ 480 = matone 42 kwa dakika. Seti ya watoto ya matone 60 ni rahisi, maana idadi ya matone kwa dakika ni sawa na idadi ya mililita kwa saa.

Ukishapata jibu, jiulize kama lina mantiki. Jibu likikutaka ufungue ampuli nne au tano kwa dozi moja, au uvute tone dogo lisilopimika, simama. Dozi nyingi za kawaida hutengenezwa zitoshe kwenye ampuli moja au mbili. Uzito wa mtoto upimwe kwa kilo siku hiyo. Usikisie, wala usichukue ule wa miezi mitatu iliyopita.

Dawa za hatari kubwa zihakikiwe na watu wawili. Hizi ni pamoja na insulini, heparini, morfini na dawa za jamii yake, potasiamu kloridi, magnesiamu salfeti, dawa za kulegeza misuli na dawa za saratani. Uhakiki huu mara nyingi hufanywa vibaya. Kumwonyesha mwenzako bomba la sindano na kumwambia, "Hii ni uniti 8, eti?" kunamwomba akubali tu. Mpe chati na chupa bila kumtajia jibu, akokotoe mwenyewe, ndipo mlinganishe. Mkitofautiana, hakuna anayeshinda kwa cheo. Rudieni wote tangu mwanzo.

Nitazitaja chache kwa undani, kwa sababu hizi huua haraka.

Potasiamu kloridi iliyokolea haisukumwi mshipani kamwe, kwani husimamisha moyo. Lazima ichanganywe kwenye maji mengi na kupita polepole. Baada ya kuichanganya, geuza mfuko juu chini angalau mara 10. Isipochanganyika vizuri hutuama, na mgonjwa hupokea dozi nzima mwanzoni mwa dripu. Ushauri wangu ni huu: ampuli zake zisikae kabisa kwenye kabati la wodi ya kawaida. Zitunzwe famasi au chumba cha mahututi, na mahali palipo na mifuko iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, itumike hiyo.

Insulini ya kawaida ina uniti 100 kwenye kila mililita, kwa hiyo uniti 8 ni mililita 0.08. Huwezi kuzipima kwa bomba la mililita 2. Tumia bomba la insulini peke yake. Lisipokuwepo, mwambie msimamizi wa wodi lipatikane kabla ya dozi. Pima sukari kwanza, na hakikisha chakula kipo au kinakuja.

Magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba huokoa maisha, lakini ikizidi hukandamiza upumuaji. Kabla ya kila dozi inayofuata hakikisha mambo matatu: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo umetoka angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Moja likikosekana, usitoe, mwite daktari. Kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, iwe tayari kando ya kitanda pamoja na bomba lake, isiwe ya kukimbiliwa ghorofa nyingine.

Dawa za saratani za jamii ya vinkristini ni za mshipa tu. Ikidungwa kwenye uti wa mgongo huua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri iandaliwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, ili isifanane na sindano ya mgongoni.

Zuia kukatizwa. Utafiti uliofanywa kwenye hospitali mbili za Sydney na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kila muuguzi anapokatizwa akiwa anatoa dawa, makosa ya kitabibu huongezeka kwa karibu asilimia 13. Kubalianeni wodini kwamba anayeandaa dawa hasemeshwi isipokuwa kwa dharura ya kweli. Ukikatizwa katikati, usiendelee ulipoishia. Anza upya.

Andaa dawa za mgonjwa mmoja, mpe, ndipo uende kwa mwingine. Dawa uliyoivuta wewe ipe wewe, na usitoe dawa iliyovutwa na mtu mwingine. Bomba likitoka mkononi mwako hata kwa dakika moja, liwe na lebo ya jina la dawa, dozi, jina la mgonjwa na saa. Bomba lisilo na lebo ni la kutupwa, hata kama una hakika kilichomo.

Kando ya kitanda, kabla ya kuunganisha chochote, fuata mpira kwa vidole kutoka mwilini hadi kwenye chupa. Mgonjwa anaweza kuwa na kanula (mrija mdogo wa mshipani), mpira wa chakula, mpira wa mgongoni na mpira wa mkojo kwa wakati mmoja, na maziwa yameshawahi kuingizwa mshipani kwa sababu mtu alitazama ncha mbili tu zilizo karibu.

Mgonjwa akisema, "Nesi, mbona dawa hii si kama ya jana?" weka chini ulichoshika. Labda kiwanda kimebadilika, labda dozi imepandishwa, au labda anakuokoa. Hakikisha kwanza, kisha mrudishie jibu na umshukuru.

Andika baada ya kutoa, mara moja. Ukiandika kabla, mgonjwa akikataa au akitapika, chati itakuwa inasema uongo. Ukichelewa kuandika, mwenzako atatoa tena.

Hatua ya 3: Kuongeza damu

Hapa hakuna njia ya mkato hata moja. Wauguzi wawili, kando ya kitanda na si kwenye meza ya wauguzi, walinganishe jina la mgonjwa, namba yake, kundi la damu, namba ya mfuko na tarehe ya mwisho. Chukua dalili za uhai kabla ya kuanza. Anza polepole na ubaki naye dakika 15 za mwanzo, kwa sababu athari kali za kundi lisilooana mara nyingi hujitokeza kwenye mililita za kwanza: homa, baridi, maumivu ya mgongo au kifua, presha kushuka, mkojo mwekundu. Pima tena baada ya dakika 15, na tena ukimaliza. Mfuko ukitoka benki ya damu uanzishwe ndani ya dakika 30 na uishe ndani ya saa 4. Hakuna dawa inayochanganywa humo.

Athari ikianza, funga damu. Acha kanula wazi kwa maji ya chumvi kupitia seti mpya, mwite daktari, linganisha upya majina, na urudishe mfuko pamoja na seti yake maabara. Usiutupe, hata kama umeingia kiasi kidogo.

Hatua ya 4: Mwone mgonjwa anayezidiwa kabla hajazimia

Moyo wa mgonjwa wa wodini hausimami ghafla mara nyingi kama inavyosimuliwa. Ukirudi kwenye chati, utakuta saa kadhaa za nyuma alishaanza kubadilika. Kipimo kinachotangulia kuharibika ndicho kinachopuuzwa zaidi: kasi ya kupumua. Nimeona chati ambazo wagonjwa wote wodini wamepumua mara 20 kwa dakika, usiku na mchana. Hesabu dakika nzima, ukitazama saa, huku umeshika mkono wake kana kwamba bado unapima mapigo, maana akijua unamhesabia pumzi hubadilisha.

Tumia mfumo wa alama. Ule wa Uingereza uitwao NEWS2, uliotolewa mwaka 2017, hutoa alama kwa kasi ya kupumua, oksijeni kwenye damu, kama anapewa oksijeni, presha ya juu (ile namba ya kwanza ya presha), mapigo, fahamu na joto. Jumla ya 5 inamtaka daktari amwone haraka, na vipimo virudiwe angalau kila saa. Alama 7 na zaidi ni dharura. Kipimo kimoja kikipata alama 3 peke yake, kama kupumua mara 25 au zaidi, au mara 8 au chini, mjulishe daktari pia. Mfumo huu si wa watoto chini ya miaka 16 wala wajawazito. Wao wana chati zao.

Alama hazifuti macho yako. Mama akisema, "Mwanangu leo hayuko sawa," au wewe mwenyewe ukahisi mgonjwa amebadilika bila kujua ni nini, hiyo inatosha kumpima upya na kumwita mtu.

Hatua ya 5: Sema ili ueleweke

Mfumo wa SBAR, yaani mpangilio wa kutoa taarifa kwa ufupi, ulitokea kwenye nyambizi za Jeshi la Majini la Marekani, ambako taarifa iliyochelewa inaweza kuua watu wengi. Una sehemu nne, ambazo mimi huzikumbuka hivi: hali, historia, tathmini, ombi. Simu yako isikike namna hii:

"Daktari, ni muuguzi wa zamu, wodi ya upasuaji. Napiga kuhusu mgonjwa wa kitanda cha 6, mama wa miaka 54. Hali yake imebadilika saa moja iliyopita na alama zake zimefika 10. Alifanyiwa upasuaji wa utumbo juzi. Sasa anapumua mara 26, oksijeni asilimia 93 bila mashine, presha ya juu 98, mapigo 118, joto 38.4, fahamu zake ziko sawa. Nahofia maambukizi yameingia kwenye damu. Naomba uje umwone sasa hivi. Kabla hujafika, nianze oksijeni na nichukue damu ya vipimo?"

Ona kwamba ombi limetajwa wazi. Wauguzi wengi hueleza dalili vizuri kabisa kisha hunyamaza wakitumaini daktari atajiongeza. Mtajie unachotaka na lini. Asipokuja, rudia, asipojibu, mpigie aliye juu yake, na uandike saa ya kila simu. Kumpita daktari mmoja kwenda kwa mkubwa wake kwa ajili ya mgonjwa si utovu wa adabu. Ukiona hatari na unaogopa kusema kwa sababu ya cheo, anza kwa lugha ya heshima isiyokwepa: "Daktari, nina wasiwasi na dozi hii, naomba tuisimamishe tuihakiki." Ukishatamka neno "tusimame", kazi isimame.

Makabidhiano ya zamu yafanyike kando ya kitanda, chati mkononi, mgonjwa akisikia. Anayepokea aone kwa macho yake: dripu inakwenda kwa kasi gani, kanula imevimba au la, mpira wa mkojo una kiasi gani. Anayekabidhi ataje yaliyobaki kwa majina na saa, kwa mfano "antibiotiki ya saa nne usiku haijatolewa, famasi walikuwa hawana." Kauli kama "yuko vizuri" isipokelewe. Muulize yuko vizuri kivipi. Mwishoni anayepokea arudie mambo mazito kwa maneno yake. Utafiti wa hospitali 9 za watoto Marekani na Kanada, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba makabidhiano yenye mpangilio maalumu yalipunguza makosa ya kitabibu kwa asilimia 23. Uliwahusu madaktari waliokuwa mafunzoni, lakini sioni sababu ya sisi kutojifunza humo.

Hatua ya 6: Mikono na mipira

Mwaka 1847 huko Vienna, Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari waliotoka kupasua maiti wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Vifo wodini kwake vilishuka kutoka takriban asilimia 18 mwezi Aprili hadi chini ya asilimia 3 mwezi Juni. Leo nyakati za kusafisha mikono ni tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kitakasa mikono kinahitaji sekunde 20 hadi 30. Maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Glovu hazichukui nafasi ya kunawa, na glovu zilezile zikienda kitanda cha pili zinabeba maradhi ya kitanda cha kwanza.

Kila mpira ulio mwilini uulizwe kila siku: bado unahitajika? Mpira wa mkojo uliosahaulika ni mlango wa maambukizi. Kanula ikaguliwe kila zamu. Ikiuma, ikiwa nyekundu au imevimba, itolewe.

Mpira wa chakula unaopita puani haulishi mpaka uthibitishwe uko tumboni. Kupuliza hewa na kusikiliza tumbo hakutoshi, maana sauti husikika hata mpira ukiwa kwenye mapafu. Vuta majimaji upime kwa karatasi ya pH, yaani ya kupima asidi: 5.5 au chini inakubalika. Ukikosa majimaji au ukipata namba ya juu, piga eksirei.

Hatua ya 7: Kuanguka na vidonda vya kulala

Kitanda kishushwe chini, magurudumu yafungwe, kengele na maji viwe mkono unapofika. Wengi huanguka wakienda chooni, kwa hiyo usisubiri wakuite. Pita na kumuuliza kila mmoja kila saa, hasa wazee na waliopewa dawa za usingizi au za kukojosha. Asiyejigeuza ageuzwe, kwa kawaida kila saa 2, kwa mwinamo wa nyuzi 30, na visigino visiguse godoro. Ngozi ikaguliwe unapomwogesha. Wekundu ambao haupotei ukibonyezwa ni kidonda kilichokwisha kuanza.

Hatua ya 8: Tumieni orodha, na mdai watu wa kutosha

Orodha ya ukaguzi ya upasuaji ilijaribiwa kwenye hospitali za miji 8 duniani, ukiwemo mji wa Ifakara nchini Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja tu, inayosomwa kwa sauti. Wodi inaweza kuwa na zake: ya kumpeleka mgonjwa thieta, ya kuweka mpira wa mkojo, ya toroli la dharura kila zamu. Orodha isomwe kweli. Ikijazwa tiki zote baada ya kazi, ni afadhali isiwepo, maana inawadanganya wote wanaoitegemea.

Niseme pia lisilopendeza. Utafiti wa nchi 9 za Ulaya uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Hakuna umakini wa mtu mmoja unaoweza kufuta hesabu hiyo. Mkiwa wachache, msimamizi wa wodi aandike kila zamu wagonjwa walikuwa wangapi, wauguzi wangapi, na kazi gani haikufanyika. Uongozi unaweza kusahau manung'uniko, lakini daftari la miezi mitatu lina uzito. Kwa zamu yenyewe, amueni pamoja mapema kipi kinatangulia: dawa zenye saa maalumu na vipimo vya walio hatarini kwanza, vinavyoweza kusubiri visubiri.

Hatua ya 9: Kosa likishatokea

Mgonjwa kwanza. Simamisha dawa, mpime, mwite daktari na umwambie wazi kilichotokea, dozi na saa. Dakika unayoitumia kutafuta namna ya kueleza ndiyo ambayo dawa ya kuzuia madhara ingekuwa imeshaingia. Hifadhi chupa, bomba na seti.

Kwenye faili andika ulichokiona na kilichofanyika, bila kulaumu mtu na bila kukisia. Maandishi yasifutwe wala karatasi kubadilishwa. Mgonjwa au ndugu zake waambiwe ukweli mapema, na daktari pamoja na msimamizi: nini kimetokea, pole, tunafanya nini sasa. Wakisikia kwa mfagizi au kwa mgonjwa wa jirani, hawatawaamini tena.

Kisha jaza fomu ya tukio. Jaza pia kwa makosa yaliyonaswa kabla ya kumfikia mgonjwa, kwa sababu hayo yanaonyesha tundu lilipo bila mtu kuumia. Uchunguzi uulize kwa nini mara kadhaa. Kwa nini alitoa chupa isiyo yake? Zilifanana. Kwa nini zilikaa pamoja? Rafu moja tu. Kwa nini rafu moja? Kabati la pili liliharibika na ombi la fundi halijajibiwa. Hapo mmepata kitu cha kurekebisha. Mkiishia kwenye "muuguzi hakuwa makini", mtampa barua, na chupa zitaendelea kukaa pamoja zikimsubiri mwingine. Anayekiuka utaratibu kwa makusudi achukuliwe hatua. Anayekosea kama ambavyo yeyote kati yetu angekosea apewe msaada: mwenzake akae naye, amalizie zamu na kazi nyepesi kama hawezi kuendelea, na msimamizi amtafute tena baada ya siku chache, kwa sababu wapo wanaoacha kazi au kuvunjika moyo kimya kimya baada ya tukio moja.

Aliyejaza fomu arudishiwe majibu ndani ya muda mliokubaliana, hata kama jibu ni kwamba kabati limeagizwa na bado halijafika.